Kazi ya Utafiti Hutafutwa Penye Swali



Kila mwaka vijana wa Wilaya ya Kongwa wanarejea nyumbani kutoka vyuoni wakiwa na vyeti vyao mkononi. Wamo waliosomea kilimo, waliosomea maabara, waliosomea takwimu, historia na maendeleo ya jamii. Baadhi yao huwaendea walimu wao wa zamani, au ofisa wanayemfahamu katika ofisi ya wilaya, na kuuliza kazi ya utafiti inapatikana wapi. Aghalabu jibu wanalopewa ni fupi. Huambiwa waende Dar es Salaam, au Morogoro, au wangoje tangazo la Chuo Kikuu.

Wanaolitoa jibu hilo hawana nia mbaya, lakini jibu lenyewe lina kasoro mbili. Kwanza, linamfanya kijana aamini kwamba utafiti ni mali ya jengo moja lenye ubao wa jina getini. Pili, linatolewa katika wilaya ambayo historia yake inasema kinyume kabisa. Maadam Kongwa imetajwa duniani kote kuwa mfano wa gharama ya kuacha utafiti, na baadaye ikawa mfano wa faida ya kuufanya, yafaa watu wake wawe wa kwanza kuelewa kazi hiyo inatoka wapi na inatafutwa namna gani.

KARANGA NA SWALI LILILOKOSA MTU

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu katika Kampuni ya United Africa, aliipelekea Serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula yaliyokuwa yameadimika baada ya Vita Kuu ya Pili. Ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa majuma machache, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Walirudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia.

Yaliyofuata yanajulikana. Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa ekari 150,000; zilizopata kupandwa karanga msimu huo hazikufika 8,000. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali unaokwangua chuma. Mvua zikikatika hukauka na kuwa mgumu mithili ya saruji, majembe ya matrekta yanalika upesi, na karanga iliyokomaa haing'oki. Mvua nazo hazikuwa za kutegemewa. Mwaka 1951 mpango mkubwa ulifutwa, na hasara iliyoandikwa katika hesabu za Uingereza ilikuwa pauni milioni 36 hivi.

Mambo hayo hayakuwa siri. Wenyeji wa Ugogo walikuwa wameishi na ukame huo vizazi kwa vizazi, na kilimo chao cha uwele na mtama pamoja na ufugaji wao vilikuwa jibu lao kwa ukame huo. Mtu mmoja mwenye shamba dogo la majaribio, kipimamvua, daftari na misimu michache angaliweza kueleza mapema yale ambayo matrekta yalikuja kuyaeleza kwa mamilioni ya pauni. Swali lilikuwapo Kongwa, wazi kabisa, ila hakuajiriwa mtu wa kulijibu kabla ya fedha kumwagwa.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kijana anayetafuta kazi ya utafiti hana budi kufundishwa. Kazi hiyo huzaliwa na swali ambalo mtu fulani anaumia kwa kutokuwa na jibu lake. Anayetafuta majengo ataona milango michache, na mingi imefungwa. Anayetafuta maswali atagundua kwamba swali moja lina milango katika sekta nyingi.

MASWALI YALIYOLETA KAZI KONGWA

Swali la mifugo lilitangulia. Baada ya karanga kushindwa, ardhi iliyokuwa imefyekwa ilirudi katika kazi inayoifaa zaidi, yaani ufugaji. Ranchi ya Kongwa iliyo chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, ni matokeo ya mabadiliko hayo. Ng'ombe wa nyanda kavu anahitaji nyasi zinazostahimili kiangazi, na ndiyo sababu Kongwa ina kituo cha utafiti wa malisho, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI. Jirani, katika Mpwapwa, utafiti wa mifugo una historia inayoanzia zama za Wajerumani, na huko ndiko ilikotoka aina ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo. Katika vituo vya namna hii hafanyi kazi mtafiti mwenye shahada ya uzamivu peke yake. Yuko anayepima uzito wa ndama, anayetunza vitalu vya mbegu za malisho, fundi sanifu wa maabara, na karani anayehakikisha kwamba namba iliyoandikwa leo itasomeka baada ya miaka 20.

Swali la pili lilikuwa la macho. Katika miaka ya 1980 vijiji vya Kongwa vilikuwa na mzigo mzito wa trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope, na ambao humwanza mtu utotoni kwa macho mekundu na kummalizia uzeeni kwa upofu. Mradi wa utafiti wa trakoma ulioanzishwa Kongwa katika miaka hiyo uliwaleta pamoja wataalamu wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, miongoni mwao Dakta Sheila West. Walitaka kujua kwa nini mtoto huyu anaugua sana na jirani yake anaugua kidogo.

Uchafu wa uso ulionekana kuwa sehemu kubwa ya jibu. Lakini hapo likatokea swali jingine ambalo daktari peke yake hakuweza kulijibu: kwa nini mama hamwoshi mtoto uso? Maji yalikuwa mbali, na watu wengi waliamini kwamba kuosha uso kunahitaji maji mengi. Ikabidi watu wafunzwe kuingia majumbani, kuketi na akina mama na akina baba, kusikiliza namna maji yanavyogawiwa katika nyumba, na kuonyesha kwamba maji kidogo sana yanaosha nyuso nyingi. Baadaye likafanywa jaribio la kulinganisha vijiji. Watu wa vijiji vyote walipewa dawa ya macho, na baadhi ya vijiji vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso za watoto. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet la Uingereza, yalionyesha kwamba usafi wa uso uliwapunguzia watoto trakoma kali. Leo mapambano dhidi ya trakoma duniani yanasimama juu ya nguzo nne, yaani upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso na mazingira bora, na nguzo ya usafi wa uso ina deni kubwa kwa nyuso za watoto wa Kongwa.

Kazi hiyo ilihitaji waganga, lakini pia ilihitaji watu wa kuorodhesha kaya, wapiga picha za kope, wasoma vioo vya maabara, madereva waliojua njia za vijijini, wafasiri wa Kigogo, waingiza takwimu na wasimamizi.

Swali la tatu ni la chakula. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ini ghafla, na wapatao 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu unaoota katika nafaka, hasa mahindi, na katika karanga. Kwa wilaya yenye soko kubwa la mahindi la Kibaigwa, ambako malori hupakia nafaka ya kwenda mbali, habari hiyo haikuwa ya kupuuzwa hata kidogo.

Yafaa kutazama ni sekta ngapi ziliguswa na ukungu huo mmoja. Madaktari walitakiwa kuutambua ugonjwa. Wakemia walitakiwa kupima sampuli. Watu wa takwimu walitakiwa kulinganisha nyumba zilizougua na zisizougua. Wataalamu wa kilimo walitakiwa kueleza ukungu unaanzia shambani au ghalani, na udhibiti wa chakula, ambao tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, ulitaka ushahidi wa kufanyia kazi. Kijana aliyetafuta tangazo lenye neno "afya" pekee angeona mlango mmoja, kumbe swali lilikuwa na milango mitano.

Swali la nne ni la historia. Mwaka 1964 Kongwa ilifungua kambi kwa wapigania uhuru. Hapo walikaa wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU, na makaburi ya baadhi yao yamo humo hadi leo. Wazee walioishi nao wanapungua mwaka hata mwaka. Makumbusho ya Taifa, Idara ya Nyaraka, vyuo vikuu na Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika wote wana haja ya masimulizi yaliyokusanywa kwa uangalifu. Mwalimu wa historia wa shule ya Kongwa anayejua kuuliza, kuandika na kuhakiki yuko karibu zaidi na ushahidi huo kuliko profesa aliye ng'ambo.

STADI ZINAZOVUKA MPAKA

Kutokana na mifano hiyo ni dhahiri kwamba sekta zinatofautiana kwa majina kuliko zinavyotofautiana kwa kazi. Chukua kijana aliyefanya kazi ya udadisi katika uchunguzi wa macho. Amejifunza kuchagua kaya kwa utaratibu badala ya kuchagua zilizo karibu na barabara. Amejifunza kuomba ridhaa ya mtu kabla ya kumhoji, kutunza siri, kuandika "hajui" pale mhojiwa asipojua, na kurudi siku ya pili kwa nyumba aliyoikuta imefungwa. Stadi hizo ndizo zinazotakiwa na utafiti wa sumukuvu, utafiti wa bei za mazao, uchunguzi wa matumizi ya kaya na sensa ya watu. Sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini, iliwatumia walimu wengi, na wengi wao walirudi madarasani wasijue kwamba wamejifunza sehemu muhimu ya kazi ya mtafiti.

Lakini stadi haijitambulishi yenyewe. Kijana anapoandika barua kwa taasisi ya kilimo akasema tu kwamba "alifanya mradi wa macho", msomaji wa barua hiyo ataiweka kando. Akiandika kwamba alihoji kaya kwa sampuli, alitunza kumbukumbu za ufuatiliaji, alifundisha wadadisi wenzake na kusahihisha takwimu kila jioni, msomaji ataona mtu anayefaa shambani. Hapa ndipo walimu wanapohitajika: wamsaidie kijana kuitafsiri kazi aliyoifanya katika lugha ya sekta anayoiomba, bila kuongeza chumvi.

Kadhalika kijana asidharau ngazi za chini. Udadisi, uingizaji wa takwimu, utunzaji wa vitalu na usaidizi wa maabara ni kazi za utafiti kwa maana halisi, na takwimu ikiharibika chini, msomi wa juu hana dawa yake.

PA KUULIZIA

Nafasi za kudumu za Serikali, kama vile Mtafiti Msaidizi katika taasisi za kilimo, mifugo na afya, hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Anayezitaka ajiandikishe mapema katika mfumo wake, na vyeti vyake viwe tayari kabla ya tangazo kutoka. Kwa watu wa kanda hii, karibu kuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, na vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, vya Hombolo na Makutupora. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huhitaji wadadisi kila inapokuwa na uchunguzi mkubwa. Nje ya Serikali, ziko taasisi kama Ifakara, REPOA na ESRF, yako makampuni ya mbegu yanayofanya majaribio mashambani, na makampuni ya utafiti wa masoko yanayohoji wanunuzi.

Lakini nafasi nyingi za muda hazitangazwi gazetini. Zinaletwa na miradi inayoingia wilayani kwa miezi michache, kama ulivyoingia mradi wa Africa RISING, uliofanya kazi na wakulima wa Kongwa katika vijiji kama Mlali na Moleti juu ya mbegu na hifadhi ya udongo. Na hapa watumishi wa umma wanapaswa kujitazama. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya unahitaji idhini ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwishowe, barua ya utambulisho hupita katika ofisi za mkoa na za wilaya kabla ya mtafiti kufika kijijini. Maana yake ni kwamba ofisi ya wilaya inajua, kabla ya mtu mwingine yeyote, ni utafiti gani unakuja, utakaa wapi na kwa muda gani.

Habari hiyo ikibaki katika jalada, au ikimfikia mpwa wa ofisa peke yake, nafasi zitajazwa na watu waliokuja na gari kutoka mjini, na kijana wa Hogoro au Zoissa ataona vumbi tu. Ikibandikwa ubaoni siku ile ile, pamoja na sifa zinazotakiwa, kila mwenye sifa atakuwa na haki sawa ya kuomba. Kazi hiyo haihitaji bajeti, inahitaji karatasi moja, gundi na uadilifu.

DENI LA MIRADI NA DENI LA OFISI

Yafaa pia kusema ukweli juu ya ugumu wa kazi hii. Mikataba mingi ni mifupi. Mradi unakuja, unawafunza vijana, unawalipa kwa miezi sita, unaondoka na madaftari. Kijana aliyekuwa akipima na kuhoji kwa ustadi anarudi kuuza soda Kibaigwa, na mradi unaofuata unaanza kufunza wengine upya. Hasara hiyo ni ya kijana, lakini pia ni ya wilaya.

Kuna hatua ambazo ofisi na miradi vinaweza kuzichukua. Kila mdadisi apewe mkataba wa maandishi na, mwisho wa kazi, cheti kinachoeleza alichokifanya. Ofisi ya wilaya iwe na daftari la wote waliowahi kufanya kazi za utafiti humo, ili mradi mpya uanze na wazoefu. Na kila mtafiti anayepita aache nakala ya matokeo yake kwa Kiswahili katika ofisi na katika maktaba ya shule. Si haki mama aliyejibu maswali kwa saa mbili asijue kamwe majibu yake yalifundisha nini.

Aidha, ofisi zenyewe zina maswali. Ofisa kilimo anataka kujua kwa nini kijiji kimoja kimevuna na cha jirani kimekosa. Mwalimu mkuu anataka kujua kwa nini wasichana wa darasa la sita wanapungua mwezi wa Oktoba. Mganga anataka kujua kwa nini dawa imegawiwa na ugonjwa umebaki. Maswali haya yasipoandikwa, hayatapata fedha, wala mtu wa kuyajibu. Yakiandikwa vizuri na kupelekwa Dodoma, Hombolo au Mpwapwa, yanaweza kuwa kazi ya vijana watatu kwa miaka miwili. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayelalamika kwamba vijana hawana ajira ya utafiti aangalie kwanza meza yake, maana huenda ajira hiyo imelala humo.

Na walimu wasingoje mradi. Shule yenye kipimamvua na mwanafunzi wa zamu anayesoma milimita kila asubuhi saa tatu, akaandika na kutia sahihi, inamfundisha mtoto utafiti kuliko mihadhara kumi. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na kumbukumbu ambayo mtaalamu wa mbegu, wa mifugo, wa afya na wa barabara wote watakuja kuiomba. Mwaka 1946, wale waliotazama Kongwa kutoka angani wangalikuta katika shule za Ugogo madaftari ya namna hiyo, wakayasoma, huenda matrekta yale yasingalishushwa. Kazi ya kuyaandika inaweza kuanza katika masika yajayo, na kijana atakayeianza atakuwa tayari na jambo la kuandika katika barua yake ya kuomba kazi.